Kifua cha Lombe

Mngoni na Mbemba wakikutana hawaanzi na salamu. Wanaanza na tusi, na mwenye tusi jipya ndiye mwenye siku. Ndivyo walivyoanza Jairos Shawa na Lombe Katongo, mwaka wa sabini na mbili, kwenye foleni ya bia pale ukumbi wa wachimbaji, Wusakile, mjini Kitwe. Jairos alikuwa Mngoni, amebeba ngoma mbili begani. Lombe alikuwa Mbemba, na gitaa lake lilikuwa limepungukiwa nyuzi mbili.

"Wewe mla panya," Lombe akamwambia, "hizo ngoma umewambia ngozi za panya wangapi?"

"Wengi tu. Nilitaka ya nyani, nikaambiwa nyinyi mmeshawamaliza kwa kuwala."

Foleni nzima ikacheka, na bia ilipowafikia walikuwa wamekwisha kukubaliana kuunda bendi. Mambo mengine hayana maelezo marefu.

Huo ndio utani, nao una sheria zake. Mtani hakasiriki. Mtani haombi radhi. Akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kuchekesha msiba, na kitu utakachochukua pale hudaiwi. Na ukiwa na neno zito la kumwambia mtani wako, hulisemi kwa kinywa chako. Unamtuma mtu wa tatu, kwa sababu likitoka kwako mwenyewe litachekwa, litapita. Wusakile hata watoto walijua hivyo.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Wa tatu alikuwa Boyd Kayombo, mpiga besi, karani wa posta, Mlunda kutoka kaskazini-magharibi. Pale hakuwa na mtani yeyote, kwa hiyo hakutukana mtu wala hakutukanwa, na kwa maneno alikuwa bahili hasa.

Sasa, bendi ya magitaa ya umeme inataka umeme, na umeme ulikuwa kwa Lombe. Jairos alipanga chumba ng'ambo ya reli, mtaa wa vibatari. Boyd alilala kwa shangazi yake aliyeokoka, ambaye hakutaka kelele nyumbani. Lombe ndiye aliyekuwa na kazi ya kutoboa mwamba chini ya ardhi, na mwenye kazi hiyo alipewa nyumba ya mgodi yenye taa kila chumba. Aliishi pale na mkewe Agness, ambaye watu walimwita Mama Chola kwa jina la binti yao. Kila Jumapili mchana, wengine wakitoka kanisani, watatu hao walichomeka nyaya zao ukutani kwa Mama Chola na kuutesa mtaa mpaka jioni.

Lombe alikuwa na mikono ya fundi. Alichukua redio mbovu, akaifungua, akatoa vitu anavyovijua mwenyewe, akavipanga ndani ya kopo la samaki. Gitaa likipita kwenye kopo lile, ukilikanyaga kwa mguu, sauti ilitoka imechanika, inakwaruza, inazunguka kichwani mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Watu walilewa bila kunywa.

"Hiyo sauti ni ile mashine ya kusaga mawe pale mgodini," Mama Chola alisema siku ya kwanza, sufuria ya nshima, ugali wa kwao, mkononi.

"Ndiyo hiyohiyo," Lombe akajibu. "Naisikia wiki nzima bure. Sasa na wengine waisikie."

Wakaiita bendi yao Senta. Senta ni ule moshi wa salfa unaoshuka kutoka kwenye matanuri ya shaba, unaokaba koo na kuua michicha bustanini. Ni jina baya kwa bendi, na watu walilipenda papo hapo.

Mwaka uliofuata mpaka wa kusini ukafungwa. Madukani vitu vikaadimika, na miongoni mwa vitu hivyo ni ngozi za plastiki za ngoma. Jairos aliwamba ngozi ya mbuzi, mvua zikaanza, ngozi ikalegea ikawa inasema bu, bu, kama mtu anayepiga godoro. Ngoma iliyomtesa zaidi ni ile ndogo inayokaa katikati ya magoti, maana hiyo ndiyo inayotakiwa ilie kwa ukali. Fundi mmoja akamwambia atafute filamu za eksirei. Ni ngumu, hazilegei, na zahanati ya mgodi inazitupa.

"Wewe si unakwenda kupigwa picha ya kifua kila mara huko mgodini?" Jairos akamwambia Lombe. "Niletee basi. Mbavu za watu zitusaidie."

Mara ya kwanza aliletewa picha ya mkono, mara ya pili nyonga ya mwanamke. Zote mbili zilipasuka. Kisha Alhamisi moja Lombe akaja na nyingine, ameikunja ndani ya gazeti. Ilikuwa kifua, kikubwa, mbavu zote zinaonekana.

"Huyu nani?" Jairos akauliza, huku mkasi umeshaanza kazi.

"Nyani mmoja."

"Nikajua. Ndugu yako."

Akaikata duara, akaikunjia pembeni chini ya pete ya chuma, akakaza misumari. Alipoipiga mara ya kwanza, kuku wa jirani walikimbia. Ilikuwa inapasua hewa. Jairos aliipiga saa nzima bila kupumzika, na Lombe alikaa kizingitini akamtazama, anakohoa kidogo kidogo ndani ya leso.

Kikohozi kile hakikuwa siri. Lombe alikohoa akipanda ngazi, alikohoa akiimba. Siku hizo alikuwa anakatiza ubeti katikati na kulikanyaga lile kopo ili gitaa limalizie, na watu ukumbini wakadhani ni ufundi. Jairos naye alikuwa na matusi ya kikohozi ya kila aina: kwamba ni mfupa wa nyani umekwama, kwamba Wabemba hata kukohoa hawajui, wanabweka. Lombe alimrudishia. Alikonda, akawa na matusi makali zaidi, na ukumbi wa wachimbaji ulijaa kila Jumapili ya mwisho wa mwezi watu waje wasikie gitaa na wasikie hao wawili wakichambana katikati ya nyimbo.

Kampuni ya santuri ya mjini Lusaka ilituma mtu. Alisikiliza nusu ya wimbo, akawaambia wapige rumba, watu wanataka rumba. Lombe akamuuliza kama ana masikio mawili au moja la kuazima. Basi wakaamua kutoa santuri wenyewe. Lombe alitoa malipo yake ya likizo, Boyd akauza baiskeli, na Jairos akauza koti la pekee alilokuwa nalo, na mwezi wa Machi wakaenda Ndola, kwenye studio iliyokuwa nyuma ya duka la redio. Fundi wake alikuwa Mhindi mmoja mpole aitwaye Natubhai. Walikuwa na siku moja na tepu moja. Wakikosea, kosa linabaki.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa dakika nane. Ulikwenda vizuri mpaka katikati, pale Lombe alipotakiwa kupiga kelele ubeti wa mwisho. Akafungua mdomo, pumzi haikuja. Ngoma na besi zikaendelea, maana tepu inazunguka. Lombe akaegemea kipaza sauti kwa mikono miwili, akageuka kumtazama Jairos, akasema taratibu, kila neno linasikika:

"Jairos. Hicho unachopiga ni kifua changu."

Jairos hakupoteza hata pigo moja.

"Basi kinalia vizuri kuliko wewe!"

Akacheka. Alicheka sana, kicheko cha mtu aliyepata tusi la mwaka, na kicheko chote kikaingia kwenye tepu. Lombe alizidi kumtazama kidogo. Kisha akalikanyaga kopo, gitaa likapiga ukelele, na wimbo ukaisha nalo.

Natubhai akauliza kama wanataka sehemu ile ya maneno ifutwe. Tepu ilikuwa imebaki kipande cha kidole.

"Iache," Lombe akasema. "Imeshasemwa."

Kwenye gari la mizigo lililowarudisha Kitwe, Lombe alilala juu ya magunia. Boyd akamsogelea Jairos.

"Yule alikuwa hatanii," akasema.

"Nyinyi Walunda utani hamuujui," Jairos akamjibu, akajifunika turubai.

Tuseme kweli: alijua kidogo. Sehemu fulani ya Jairos ilisikia kitu pale studio, ikakiona kile kitu kinakuja, ikakipisha kipite. Maana Lombe akiwa mgonjwa wa kweli ataachishwa mgodi. Akiachishwa mgodi, nyumba inachukuliwa, na umeme unakwenda na nyumba, na Jairos Shawa anarudi kupiga ngoma kwenye harusi za watu kwa sahani ya wali. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Bendi ndiyo kitu pekee kilichowahi kumnyookea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mwenye jipu naye huwa hataki kulitazama.

Mwezi wa Mei, kwenye baridi, Lombe alitoka zamu, akaketi kwenye benchi pale wachimbaji wanapobadilishia nguo, akaanza kuvua buti. Moja ilitoka. Ya pili walimvua wenzake.

Msibani Jairos alifanya kazi yake yote. Asije mtu akasema Mngoni yule alishindwa. Alivaa suruali ya Lombe yenye miguu mipana kama kengele na viatu vyake vya kisigino kirefu, akajifunga shuka la Mama Chola, akaingia uani anacheza gitaa la fagio na kukohoa kikohozi cha Lombe, kilekile, mpaka mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka na kulia kwa pamoja na kuomba maji. Kaburini aliruka ndani ya shimo, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Na jeneza lilipofika ukingoni akaligonga ubao kwa vidole, ta-ta-ta, akasema, "Mnasikia? Kifua chenyewe kimekuwa ubao. Nilimwambia kinalia vizuri kuliko yeye, akaona wivu, akakinyamazisha."

Watu walicheka kwa sauti. Kwa haki ya mtani akachukua gitaa na lile kopo la samaki. Hakuna aliyemwuliza.

Wiki ya tatu mambo mawili yakaja pamoja. Santuri zikafika kutoka Nairobi zilikochapishwa, maboksi manne yananukia plastiki mpya. Na mgodi ukamletea Mama Chola barua ya kuondoka kwenye nyumba. Jairos na Boyd wakaenda kumsaidia kufunga vyombo. Walipomaliza sufuria, Mama Chola akavuta kiti, akakaa akimkabili Boyd, akampa Jairos ubavu kana kwamba hayumo chumbani.

"Boyd," akasema, "nina maneno ya kumpelekea Jairos."

Jairos aliposikia hivyo akaweka chini kamba aliyokuwa ameishika.

"Nakusikia, Mama Chola," Boyd akasema.

"Mwambie hivi. Mume wangu alipigwa picha mwezi wa Januari. Karani wa zahanati alikuwa rafiki yake, akamwonyesha kabla daktari hajaiona. Kifua kimejaa vumbi la mawe. Picha ingefika ofisini Jumatatu, na Jumanne tungekuwa hatuna kazi wala nyumba. Basi aliichukua. Aliileta hapa imekunjwa kwenye gazeti, akaona pa kuificha ni mahali ambapo hakuna mtu atakayetafuta. Mwambie Jairos ndiyo ile anayoipiga."

Nje kulikuwa na watoto wanacheza mpira wa makaratasi.

"Kuna lingine," Mama Chola akaendelea. "Mume wangu alinituma nimwambie Jairos. Si mara moja. Kwamba amechoka, kwamba anataka kuacha mgodi, kwamba Jairos atafute namna nyingine ya umeme. Yeye mwenyewe asingeweza, ni mtani wake. Nami ni mtani wake vilevile, ilinipasa nipitie kwako, Boyd. Sikupitia. Niliipenda nyumba. Kule studio alisema mwenyewe kwa sababu mimi sikuwa nimesema. Hilo nalibeba mimi. Lakini mwambie Jairos ailete hiyo picha tuizike pale kichwani kwa mwenyewe. Mtu azikwe mzima."

Boyd akageuka. "Jairos, umesikia?"

"Nimesikia," Jairos akasema. "Nitaileta. Jumapili ipite tu."

Siku hiyo alipofika chumbani kwake alifungua pete ya chuma, akaitoa ile filamu, akaishika juu dirishani penye jua. Alikuwa ameitazama miezi minne kati ya magoti yake na hakuwa ameiona. Mbavu zilikuwa zimechubuka kwa fimbo zake. Katikati, kulia na kushoto, kulikuwa na madoa meupe, mengi, kama unga uliomwagika. Na pembeni, pale alipokunjia, namba: 4417. Ndiyo namba ya Lombe ya mgodini, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye sanduku la gitaa lililokuwa limesimama hapo ukutani. Jairos akalia. Alilia kwa sauti, peke yake, akiita "mla nyani, mla nyani," maana jina jingine la kumwita hakuwa nalo.

Akaapa hataigusa tena kwa fimbo. Akamwagiza dereva wa malori ngozi ya kweli kutoka Lubumbashi, akaifunga.

Kufa kufaana. Redio ilikuwa imeanza kuupiga ule wimbo, kwanza mara moja kwa wiki, kisha kila siku, kisha ikawa huwezi kupita sokoni Chisokone bila kuusikia kwenye vibanda viwili kwa mpigo. Na si gitaa lililowashika watu zaidi. Ni yale maneno. Wapiga debe, wauza dagaa wa kapenta, watoto wa shule, wote. Mmoja anasema, hicho unachopiga ni kifua changu, na barabara nzima inajibu. Watu walisema hakuna utani uliowahi kurekodiwa mtamu kama ule, na marehemu alikuwa mcheshi mpaka mwisho. Jairos alikubali kwa kichwa.

Wakamchukua kijana wa Luanshya, Fackson, aliyejua gitaa na kuliweza lile kopo. Wakapiga Ndola, Jumapili mchana, ukumbi umefurika mpaka madirishani. Wimbo wenyewe ulipoanza watu walisimama juu ya viti. Kisha nyuso zikaanza kuulizana. Ngozi ya Lubumbashi ilikuwa nzuri, ghali, ya kistaarabu, na ilikuwa inasema kitu kingine. "Hiyo siyo," mtu mmoja akasema kwa sauti, na wengine wakadakia: hiyo siyo, hiyo siyo. Baada ya onyesho akaja mwandaaji wa sherehe za Lusaka, miaka kumi ya uhuru, mtu mwenye miwani myeusi na maneno machache. Aliwataka. Lakini aliitaka Senta ya kwenye santuri.

"Ile ngoma unayo bado?" akamwuliza Jairos.

"Ninayo."

"Uje nayo."

Jumapili ikapita, zikapita kumi na tano. Jairos aliifunga tena ile filamu kwa mkono wake mwenyewe. Alijiambia ni kwa Lusaka tu. Alijiambia pia kwamba Lombe angetaka hivyo, na labda kweli angetaka. Maiti haulizwi, na ndiyo maana walio hai hupenda sana kumsemea.

Siku ya Lusaka, nyuma ya jukwaa, jua kali la Oktoba, Boyd akamjia na barua mkononi. Uwanja ulikuwa umeshajaa. Fackson alikuwa anakaza nyuzi.

"Mama Chola ameandika," Boyd akasema. "Yuko kwao Luwingu. Ameniandikia mimi, lakini maneno ni yako."

"Sema."

"Anasema kaburi litawekewa saruji mwezi ujao. Ikishawekwa haitafunguliwa. Anaomba ile picha kabla ya saruji. Hilo tu, hakuna lingine aliloandika."

Jairos aliikagua ngoma yake. Filamu ilikuwa na ufa mdogo upande wa kushoto, alikuwa ameuziba kwa plasta ya kidonda. Kwa mwendo huu ingefika miezi miwili, labda mitatu. Kulikuwa na Livingstone baada ya hapa, na mtu fulani alikuwa ametaja Nairobi.

"Mwambie," akasema, na akaanza kutabasamu kabla hajajua anatabasamu, "mwambie mtani akichukua kitu msibani hadaiwi. Kama anataka kifua, amle nyani mwingine."

Boyd hakutikisika. "Hilo ndilo nimwandikie?"

"Mwandikie."

"Jairos, amenituma mimi. Unajua maana yake."

"Ni mtani wangu. Atacheka."

Boyd aliikunja ile barua mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuchukua besi yake. Tangu siku hiyo alipiga na Jairos miaka mingine miwili, akimwambia mambo ya kazi tu.

Wakapanda. Wimbo waliuweka wa mwisho, kama ilivyo kwenye santuri. Ulipofika katikati Fackson aliacha kuimba, akaegemea kipaza sauti kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akageuka, akasema yale maneno taratibu. Kabla Jairos hajafungua mdomo uwanja mzima ulikuwa umeshajibu, maelfu ya watu, wazee kwa watoto, wameinua mikono: basi kinalia vizuri kuliko wewe. Kisha wakanyamaza wakamngoja, maana kwenye santuri baada ya jibu kuna kicheko, na walikuwa wamelipa kusikia na kicheko pia. Jairos akacheka, kwa urefu uleule, akainua fimbo, akapiga.